Kilio cha Mara ya Nne

Watu wa televisheni walipopiga hodi kwa Pankrasi Luambano, pale Matarawe, mjini Songea, walimkuta anakunywa uji. Tuseme ukweli, alikuwa anabishana nao. Kijiko kinakwenda, kinarudi, na uji wenyewe wa ulezi, mwepesi wa kumpa mtoto wa miezi sita, unakaa mdomoni mpaka wewe unayetazama ndiye unayeona haya. Alipowasikia akalisukuma bakuli chini ya kiti, akafuta mdomo, akasimama. Suruali ilichelewa kidogo kumfuata.

"Karibuni, karibuni ndani. Mama Joachim, tuna wageni kutoka Dar."

Walikuwa wanne. Mkubwa wao, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyevaa kizibao chenye mifuko kila mahali, aliitwa Abdulswamadu, lakini wenzake walimwita Dairekta, na mtaa mzima ukamwita hivyo hivyo mpaka alipoondoka. Alitoa shikamoo kwa kuinama, jambo ambalo Aurelia, mke wa Pankrasi, ndiye huyo Mama Joachim, hakulitegemea kwa mtu wa Dar. Akaanza kumpenda kidogo, na baadaye akajuta.

Shida yao ilikuwa moja. Walitaka kutengeneza filamu ya televisheni ya *Matanga ya Mzee Birika*.

Wewe ambaye hukukulia Songea nikwambie tu kwamba mchezo huo ulitungwa na mwalimu mmoja wa misheni, marehemu sasa, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, na tangu hapo ulichezwa kila Jumatatu ya Pasaka kwenye ukumbi wa parokia, watu wakijaa mpaka madirishani. Mzee Birika ni bahili. Anajifanya amekufa ili aone nani atamlilia na nani ataulizia ufunguo wa sanduku. Mkewe, Bibi Tabu, anamlilia kwa kutaja ubahili wake mmoja baada ya mwingine, na hapo ndipo watu hushika mbavu. Pankrasi alikuwa Mzee Birika kwa miaka ishirini na sita. Bibi Tabu alikuwa Aurelia. Watoto wa sokoni walimwamkia "shikamoo Bibi Tabu" bila kujua kama ana jina lingine.

"Tunawataka nyinyi wenyewe," alisema Dairekta. "Kuna waliosema tuchukue waigizaji wa Dar, mimi nikakataa. Sura hizi sizipati Dar."

Pankrasi aliinamisha kichwa. Tangu chama cha ushirika kipunguze watu na yeye akapunguzwa pamoja na ghala lake la tumbaku, miaka minne ilikuwa imepita hajasikia mtu akisema anamtaka kwa kazi yoyote. Machozi yalimlengalenga. Akajifanya anakohoa, kisha kikohozi cha kweli kikaja, wageni wakasubiri.

"Ila ukumbi hatuutaki," Dairekta aliendelea. "Ukumbi ni mambo ya jukwaa. Filamu inataka nyumba ya kweli. Tutapiga picha hapa hapa kwako, mzee. Na tafadhali, usipake hata chokaa. Ukuta huu huu ndio tunaoutaka."

Pankrasi, ambaye tayari alikuwa na ombi la chokaa kidogo kwenye ncha ya ulimi, akalimeza.

"Na Sefu?" aliuliza Aurelia.

Dairekta alipekua karatasi zake. "Sefu ndiye yule anayecheza mtani? Huyo tumemkata, mama. Filamu ni dakika hamsini na mbili, na matangazo humo humo."

Sefu alikuwa Myao wa Tunduru, muuza korosho na vipuri vya baiskeli pale sokoni, mtani wa Pankrasi jukwaani na nje ya jukwaa. Katika mchezo, Bibi Tabu akishamaliza kulia, mtani, ambaye kwetu ana ruhusa ya kumfanyia mzaha hata maiti, huingia na unga mkononi, akamwigiza marehemu anavyotembea na anavyohesabu vijiti vya kiberiti, kisha akamrushia unga usoni. Maiti hupiga chafya. Ukumbi huvunjika kwa kicheko. Lakini kwa Aurelia unga ule haukuwa wa kuchekesha tu. Mke kumlilia mume aliye hai si jambo dogo kwetu, na miaka yote alilia akijua kwamba Sefu yuko nyuma ya pazia na konzi ya unga, anakuja kukifuta kile kilio.

"Mtani akikatwa, nani anamwamsha maiti?" aliuliza.

"Anajiamsha mwenyewe. Anasikia ndugu wanagombania baiskeli, hasira zinampanda, anaamka."

"Hivyo hivyo tu?"

"Hivyo hivyo tu, mama."

Aurelia alimtazama mumewe. Pankrasi hakuwa nao. Alikuwa ameshaanza kujaribisha nyusi, moja juu, moja chini, anatafuta hasira ya kuamka nayo.

Jioni ile, jikoni, binti yao Hilda aliweka kisu chini.

"Mama, kataa."

Hilda alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Madaba, na alikuwa ameomba ruhusa kuja kumsaidia mama yake kuuguza. Wao wawili tu ndio waliojua. Wiki nne kabla, hospitalini, wakati Pankrasi bado anafunga vifungo vya shati chumbani, daktari alimwita Aurelia pembeni, koridoni. Akamwambia ni kansa ya koo, na imeshashuka chini sana. Wasihangaike kuuza kitu kwenda Dar. Miezi mitatu, ikizidi minne. Mzee mwenyewe asiambiwe, asije akavunjika moyo. Ndivyo ilivyo kwetu, mgonjwa ndiye wa mwisho kujua anaumwa nini. Aurelia akarudi chumbani akasema ni vidonda vya tumbo, na tangu siku hiyo alimmiminia mumewe dawa nyeupe ya vidonda vya tumbo kwenye kijiko, asubuhi na jioni, bila kumwaga hata tone.

"Nikikataa ataniuliza sababu," alisema. "Hata nilipokuwa na mimba yako ya miezi saba nilicheza. Leo nitamwambia nini?"

"Mwambie umechoka."

"Hajawahi kuniona nimechoka."

"Basi utaliaje, mama? Baba amelala pale na sanda, na wewe unajua?"

"Nitalia kwa maneno ya mchezo. Yapo, nayajua. Sukari, kiberiti, chumvi. Sitatoka nje ya hayo. Nikitoka nje tu, atajua." Alisonga ugali kwa nguvu kuliko ulivyohitaji. "Baba yako anataka kuonekana kwenye televisheni, Hilda. Hajaniomba kitu kingine tangu aumwe. Acha afe na hiyo furaha, asife na hofu."

Hilda akaanza kulia. Mama yake akampa vitunguu vitatu amenye, ili baba yake akiingia akute sababu.

Jumamosi saa mbili asubuhi, kwenye baridi ile ya Juni inayouma masikio, vijana wa Dairekta walitoa vitu vyote vya sebuleni. Makochi mawili, meza, kabati la vyombo, vyote vikapangwa uani. Wakafunga turubai la kijani kukinga jenereta. Ndani wakatandika mkeka sakafuni, wakamlaza Pankrasi, wakamfunika sanda nyeupe mpaka kifuani na kumtia pamba puani.

Hakuna mtu wa nyumba ile aliyefikiri majirani wataelewaje. Ukumbini viti vilikuwa viti tu. Lakini mtaani, kochi likitolewa uani na turubai likafungwa, ni msiba, hakuna anayekuja kuuliza kuna nini. Wanawake hufunga kanga kiunoni, wakachota unga, wakaja.

Wa kwanza alikuwa Mama Kunegunda, mjane wa miaka sabini wa nyumba ya tatu, ungo wa unga kichwani, na kilio alikianza tangu njiani.

"Pankrasi mwanangu, umekwenda kweli. Nilisema mimi. Nilisema Jumapili kanisani, yule hafiki sikukuu ya Petro na Paulo. Shingo ilikuwa imebaki kamba tu. Aurelia mwanangu, umeuguza peke yako, umetuficha, mtaa mzima tunaona mtu anaisha na wewe unatuambia vidonda vya tumbo."

Alikuwa ameshaingia sebuleni, na nyuma yake wanawake wanne. Aurelia alisimama na ufagio mkononi. Kisha sauti ikatoka kwenye mkeka, ya puani kwa sababu ya pamba.

"Shikamoo, Mama Kunegunda. Bado kidogo."

Vijana wa Dar walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mama Kunegunda akaanguka na ungo wake, halafu alipopata pumzi akamchapa maiti kwa pindo la kanga. Hata wale wanawake wanne walicheka, kwa ule woga wa mtu aliyenusurika. Dairekta alipiga makofi. Alikuwa amepata waombolezaji watano bila kuwatafuta. Akawakalisha ukutani hapo hapo, na unga wao.

Aurelia hakucheka. Aliiangalia sanda, akajiuliza mtu aliye chini yake amesikia mpaka wapi.

Kilio kilipoanza kupigwa picha, mara ya kwanza jogoo wa jirani aliharibu sauti. Mara ya pili taa ilizimika. Mara ya tatu kila kitu kilikwenda sawa, isipokuwa Aurelia.

"Mama, hunichekeshi," Dairekta alisema kwa upole, amechuchumaa mbele yake. "Nimeona kanda ya Pasaka. Pale kwenye vijiti vya kiberiti ulikuwa unavunja watu mbavu. Leo unasema kama unasoma barua."

"Nitajaribu, baba."

"Usiogope kamera. Mwangalie mzee."

Hilo ndilo alilokuwa anakwepa. Mara zote tatu alikuwa amelia akitazama ukuta. Mara ya nne alimwangalia. Taa kubwa ilikuwa juu ya uso wa Pankrasi, na mashavu yalikuwa yameingia ndani, na pamba puani. Aurelia alipiga magoti, akashika kichwa kwa mikono miwili kama mchezo unavyotaka.

"Uwii, baba yangu, umeniacha na nani. Nani atanifungia sukari kwenye sanduku. Nani atanihesabia vijiti vya kiberiti asubuhi na jioni. Nani atanipimia chumvi kwa ncha ya kisu. Nani..."

Hapo ilikuwa zamu ya maneno ya mafuta ya taa. Hayakuja.

"Nani atanitekea maji mgongo ukinikamata, na kunyamaza watu wasijue. Nani ataniambia kanga imenipendeza na huku hajaitazama. Ulipopunguzwa kazi ulikuwa unaondoka asubuhi na mkoba wiki nzima ili nisijue, Pankrasi, na mimi nilijua, nikakufungia na chakula. Unakwenda wapi sasa, nikufungie nini. Mume wangu, mimi sijawahi kukuficha kitu, nimekuficha hiki kimoja tu, na kimenikaa hapa kooni kama na mimi naumwa huo huo ugonjwa wako."

Alilia. Hakulia kwa mdomo wa Bibi Tabu, alilia kwa wake, na sauti ilikuwa mbaya, ya chini, isiyopendeza kusikia. Wanawake wa ukutani wakamfuata mmoja mmoja. Hilda alitoka nje. Kijana wa sauti alivua vile vya masikioni, akavishika mkononi, hakujua aviweke wapi.

"Kata," alisema Dairekta, taratibu. Akasubiri. "Mama, umetoka nje ya maneno. Umemwita Pankrasi."

"Nimekosea."

"Ni nzuri, sikatai. Mimi mwenyewe nywele zimenisimama. Lakini hii itaonyeshwa Jumamosi saa mbili usiku, watu wamekaa na watoto wao, wanataka kucheka. Tunaweza kurudia?"

"Tunaweza."

Akafuta uso kwa kanga, akarudia. Mara ya tano alikunja macho, akatoa ulimi kwenye chumvi, akajipiga mapaja kwenye kiberiti, na vijana wa Dar wakalazimika kuziba midomo wasiharibu sauti. Sanda ilikuwa inatikisika. Wote walidhani Pankrasi anacheka.

Kuamka kwake ndiko kulikokuwa shida. Alikuwa amelala kwenye saruji ya baridi kwa muda wa karibu saa tatu. Hasira za nyusi zilikuwepo, miguu haikuwepo. Alijaribu, akaanguka kwa kiwiko. Akajaribu tena. Sefu alikuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi, hakualikwa, kilemba kichwani na konzi ya unga mkononi. Alipopiga hatua moja kuingia, kijana mmoja akamwekea mkono kifuani.

"Mzee, unaingia kwenye picha."

Sefu akarudi nyuma hatua ile moja. Unga ulibaki mkononi mwake. Mwisho Hilda na kijana wa taa walikaa nyuma ya Pankrasi, pale kamera isipoona, wakamsukuma kwapani. Kwenye kioo kidogo cha Dairekta ilionekana mtu ameruka kwa hasira.

"Safi," alisema Dairekta. "Safi sana, mzee. Tumemaliza."

Gari lao lilipoondoka, jua lilikuwa bado halijazama. Sefu alisaidia kurudisha kabati na meza, akawapa pole, akaenda zake kuswali. Kochi la mwisho lilibaki uani kwa sababu Pankrasi alikuwa amekaa juu yake, amejifunga blanketi, na alikataa kuondoka.

"Kaa, Mama Joachim."

Aurelia alikaa kwenye mkono wa kochi.

"Daktari alikwambia muda gani?"

"Muda gani wa nini?"

Pankrasi alimtazama tu, kwa macho ambayo hayakuwa ya Mzee Birika.

"Mitatu," Aurelia alisema. "Ikizidi, minne. Mmoja umeshakwisha."

"Na mimi aliniambia hivyo hivyo. Nilirudi kwake peke yangu, wiki ile iliyofuata. Nikamsumbua mpaka akasema. Nikamwomba asikwambie kama najua."

Aurelia akauliza kitu ambacho hata yeye alikishangaa. "Sasa ile dawa nyeupe ulikuwa unainywea nini?"

"Unaimimina vizuri mno," alisema Pankrasi. "Nilikuwa naona haya kukuambia."

Walilia wote wawili pale kwenye kochi, mchana kweupe, watu wakipita njiani. Waliopita walidhani bado ni mambo ya filamu, na mmoja aliwapungia mkono.

"Nina jambo nataka nikuombe," alisema Pankrasi, alipoweza. "Ile ya nne, nimeisikia. Yote. Mpaka ule mkoba. Mtu gani anabahatika kusikia anavyoliliwa na mkewe? Siku yenyewe ikifika usirudie. Watakuja watu, watakuangalia, watataka uwalilie wao. Usiwalilie. Mimi sitakuwepo kusikia, na yangu nimeshapewa."

"Watasema, Baba Joachim."

"Waseme."

Aurelia akaitikia kwa kichwa. Kisha wakaingiza kochi, yeye na Hilda, Pankrasi akitembea mbele kuwaonyesha mlango ulipo kama vile hawaujui.

Filamu ilionyeshwa Agosti. Baa moja ya Majengo ilikuwa imenunua televisheni na ungo wake wa setilaiti kwa ajili ya Kombe la Dunia, na Kombe lilipokwisha mwenye baa alitafuta cha kujaza watu. Sefu alimpakia Pankrasi kwenye baiskeli, akamsukuma taratibu, Aurelia akifuata kwa miguu. Mlangoni waliambiwa kila anayekaa lazima anunue soda. Pankrasi alinunuliwa Fanta. Ikakaa mbele yake mpaka mwisho, kwa sababu hata mate yalikuwa yameanza kumshinda.

Watu walicheka. Kwenye kilio cha Bibi Tabu walicheka mpaka viti vikaanguka, na wengine wakageuka kumtazama Aurelia kwa heshima. Filamu ilipokwisha majina yalipanda kwenye kioo, ya Dairekta, ya kijana wa taa, ya aliyepika chakula. Lao akina Pankrasi lilikuwa moja kwa wote, "Shukrani kwa wananchi wa Songea." Sefu alisonya. Pankrasi alimshika mkewe mkono.

"Ile ya nne hawakuitia," alisema, na alikuwa ameridhika kabisa.

Alikufa katikati ya Septemba, asubuhi, Aurelia akiwa amemshika kidevu. Makochi yalitolewa tena uani. Safari hii walikuja watu kweli kweli, mpaka wa Mbinga na wa Madaba, kwa sababu marehemu alikuwa ameonekana kwenye televisheni. Sefu aliingia na unga wake bila kuzuiwa na mtu. Akamwigiza Pankrasi anavyobishana na uji, akamwigiza anavyojaribisha nyusi, na watu walicheka huku wanalia, kama inavyotakiwa.

Aurelia alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, macho makavu. Sanduku lilipoingizwa, wanawake wote waligeuka kumsubiri aanze yeye. Hakuanza. Wakasubiri tena. Hilda, aliyekaa karibu naye, alimshika goti, na Hilda ndiye aliyelia, akawaongoza wengine. Mnong'ono ulianzia mlangoni ukazunguka chumba kizima. Walisema Dar walimlipa ndipo akalia. Walisema mwenzetu machozi yake yana bei.

Mama Kunegunda hakuwa mtu wa kunong'ona. Alisogea kwa makalio mpaka mbele yake.

"Aurelia. Kwenye televisheni ulilia mpaka ukakunja macho. Leo mumeo yuko ndani ya sanduku, umekaa kama mgeni. Hata sauti moja, mwanangu? Tumwambie nini marehemu?"

Aurelia alisubiri mpaka akawa na hakika kwamba kitakachotoka ni maneno.

"Huyu nilishamlilia, mama, mwenyewe akisikia. Aliniomba nisirudie."

Hakuna aliyemwamini.